Sanamu, Sura na Neno: Maana ya Picha Takatifu za Kikristo Ikitazamwa kutoka Kindu

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza maana ya picha takatifu za Kikristo, hususan zile ziitwazo ikoni, na namna lugha ya Kiswahili inavyozipokea. Tumechagua kuitazama mada hii kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sababu za uchaguzi huo ni mbili. Kwanza, Kiswahili kilifika Maniema pamoja na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani ya mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 19, nao Uislamu ungali na nguvu kubwa huko kuliko katika sehemu nyingi za Kongo. Pili, Maniema ni miongoni mwa nchi za Walega, watu ambao sanaa yao ya uchongaji inafahamika duniani kote. Kwa hiyo katika eneo hili hukutana mitazamo mitatu kuhusu picha: ule wa Kiislamu usiokubali picha mahali pa ibada, ule wa Kikristo ambao wenyewe umegawanyika, na ule wa jadi ambao ulitumia vinyago kama vifaa vya elimu.

Mkatoliki wa Kindu anayewasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira Maria anaweza kusikia lawama ile ile kutoka kwa jirani zake wa pande mbili. Jirani Mwislamu atamwambia kwamba anaabudu sanamu. Jirani Mprotestanti, ambaye kanisani kwake kuna msalaba mtupu usio na mwili wa Kristo, atamwambia vivyo hivyo. Lawama hiyo si ndogo, kwa kuwa katika dini zote hizo kuabudu sanamu ni dhambi kubwa kabisa. Hoja yetu ni kwamba sehemu ya ugomvi huu imo ndani ya neno sanamu lenyewe, na kwamba ikoni, ikisomwa kama ilivyokusudiwa, ni picha isiyoweza kutenganishwa na neno. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba wazo hilo halikuwa geni Maniema hata kabla ya wamisionari kufika.

2. Neno sanamu na jamaa zake

Asili ya neno sanamu ni neno la Kiarabu sanam, ambalo wingi wake ni asnam. Katika Kiarabu cha dini neno hilo halina sifa njema, kwani humaanisha kitu kilichotengenezwa ili kiabudiwe badala ya Mungu. Ndilo neno linalotumika kwa vitu vilivyoondolewa katika Al-Kaaba wakati Mtume Muhammad alipoingia Makka mwaka 630. Kwa maana hiyo, neno hili lilipoingia katika Kiswahili lilikuwa tayari limebeba hukumu.

Hata hivyo, Waswahili hawakulipokea kwa maana hiyo moja tu. Walilipanua hadi likahusu mfano wowote wa mtu au mnyama, uwe wa kuchonga, wa kufinyanga au wa kuchora. Katika Kiswahili cha Kongo mpanuko huo umekwenda mbali zaidi, kwa kuwa huko hata picha ya karatasi huweza kuitwa sanamu. Hivyo basi neno moja linahusu mungu wa uongo, kinyago, mnara wa ukumbusho wa kiongozi na picha ya familia iliyotundikwa ukutani. Msemaji hutambua maana kutokana na muktadha, lakini katika mabishano ya dini muktadha ndio unaogombewa.

Jambo hili lina uzito katika tafsiri. Kigiriki cha Biblia kina maneno mawili, eidolon na eikon. La kwanza ni mungu wa uongo. La pili ni sura au mfano wa kitu kilichopo kweli. Katika Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, amri inayokataza vitu vya kuchonga katika kitabu cha Kutoka inatumia neno sanamu. Lakini pale kitabu cha Mwanzo kinaposimulia kuumbwa kwa mwanadamu, maneno yaliyochaguliwa ni mfano na sura, na katika Waraka kwa Wakolosai Kristo mwenyewe anaitwa mfano wa Mungu asiyeonekana. Mahali hapo Wagiriki wanasoma neno eikon, yaani ikoni. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba picha ile ya ukutani inayoitwa sanamu na Kristo anayeitwa mfano wa Mungu wana jina moja katika lugha ya asili. Watafsiri hawakukosea. Walichagua maneno yanayofaa kila mahali, ila matokeo yake ni kwamba uhusiano wa maneno hayo ulipotea.

Vitenzi navyo vina shida yake. Kusujudu ni tendo la mwili, kuinama hadi chini. Katika tafsiri hiyo hiyo, tendo linalokatazwa mbele ya vitu vya kuchonga na lile lililofanywa na mamajusi mbele ya mtoto Yesu yanaelezwa kwa kitenzi kimoja, kusujudia. Kwa upande mwingine, Kiswahili kinayo tofauti iliyo wazi kati ya kuabudu na kuheshimu. Katekisimu za Kikatoliki zimeitumia tofauti hiyo kwa muda mrefu: Mungu huabudiwa, watakatifu huheshimiwa. Tutaona kwamba tofauti hii ndiyo iliyokuwa kiini cha mabishano makubwa ya karne ya 8.

3. Mabishano ya karne ya 8

Katika dola ya Bizanti, Kaisari Leo wa Tatu alianza kuzipinga picha takatifu katika miaka ya 720, na kwa zaidi ya karne moja, pamoja na vipindi vya nafuu, picha zilivunjwa na watetezi wake wakaadhibiwa. Mtetezi mashuhuri kuliko wote, Yohane wa Damasko, hakuishi katika dola hiyo. Aliishi chini ya utawala wa Kiislamu wa Bani Umaya, na ukoo wake ulikuwa umetumikia serikali ya makhalifa. Kwa sababu hiyo Kaisari hakuweza kumfikia. Mtu huyo aliandika utetezi wa picha akiwa amezungukwa na majirani wasiozikubali, na hali hiyo inamfanya awe karibu sana na Mkristo wa Kindu au wa Kasongo.

Hoja yake inaweza kufupishwa hivi. Zamani Mungu hakuonekana, na kwa hiyo haikuwezekana kumchora. Anayejaribu kumchora asiyeonekana anatunga uongo. Lakini Wakristo wanakiri kwamba Neno wa Mungu alitwaa mwili, akaonekana, akaguswa, akala na watu. Kilichoonekana kinaweza kuchorwa. Anayekataa kabisa kwamba Kristo anaweza kuchorwa anakaribia kukataa kwamba Kristo alikuwa mtu kweli. Kwa hiyo katika mjadala ule jambo lililogombewa lilikuwa fundisho lenyewe la Umwilisho, na mapambo ya kanisa yalikuwa jambo la pili.

Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, uliamua kwamba picha zinastahili heshima, wala si ibada iliyo ya Mungu peke yake. Wagiriki walitumia neno proskynesis kwa heshima na latreia kwa ibada. Mtaguso ulieleza kwamba heshima inayotolewa kwa picha haiishii katika ubao na rangi, bali inamfikia yule aliyechorwa. Baada ya wimbi la pili la upinzani, picha zilirejeshwa moja kwa moja mwaka 843, na Makanisa ya Kiorthodoksi yangali yanaadhimisha tukio hilo katika Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.

Yafaa kukumbuka kwamba Afrika haikuwa nje ya historia hii. Ikoni za kale kuliko zote zilizobaki, kutoka karne ya 6, zimehifadhiwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina katika rasi ya Sinai, nchini Misri, mahali ambapo amri za Kaisari hazikufika. Michoro ya kanisa kuu la Faras huko Nubia, iliyookolewa na wanaakiolojia wa Poland mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabla eneo halijafunikwa na maji ya bwawa la Aswan, inaonyesha maaskofu wenye ngozi nyeusi wakisimama pamoja na mitume. Nchini Ethiopia, Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia mwaka 1434 hadi 1468, alieneza heshima ya picha za Bikira Maria katika makanisa ya ufalme wake. Anayedai kwamba ikoni ni jambo la Ulaya anasahau sehemu kubwa ya habari.

4. Jinsi ikoni inavyosomwa

Waorthodoksi husema kwamba ikoni huandikwa. Kitenzi cha Kigiriki graphein kina maana zote mbili, kuandika na kuchora. Usemi huu unatuelekeza katika njia ya kuifahamu picha ya namna hii: kila alama ina maana iliyopokewa, na mchoraji hana uhuru wa kubuni apendavyo.

Mfano ulio karibu nasi ni picha ya Mama wa Msaada wa Daima. Wakatoliki wengi wa Afrika ya mashariki na ya kati wameiona katika nakala za karatasi bila kutambua kwamba ni ikoni halisi ya mashariki, yenye mtindo wa kisiwa cha Krete. Nakala yake ya asili imo Roma katika kanisa la Mtakatifu Alfonso, ambako Papa Pius wa Tisa aliikabidhi kwa shirika la Waredemptoristi mwaka 1866, na shirika hilo ndilo lililoieneza duniani.

Tuanze na usuli wake wa dhahabu. Hakuna mlima, nyumba wala anga, kwa sababu dhahabu ni alama ya nuru ya Mungu isiyotoka katika jua wala taa. Ndiyo maana katika ikoni hakuna kivuli kinachoanguka chini. Pembeni zimeandikwa herufi za Kigiriki, vifupisho vya majina: Mama wa Mungu, Yesu Kristo, na malaika wakuu Mikaeli na Gabrieli. Maandishi haya ni ya lazima. Kwa mujibu wa mapokeo, ikoni isiyo na jina haijakamilika, kwa kuwa mtazamaji hana budi kujua anamheshimu nani. Jina ndilo linalofunga mlango dhidi ya mungu wa uongo.

Malaika wawili wamebeba vyombo vya mateso. Mikaeli anao mkuki na sifongo, Gabrieli anao msalaba na misumari. Mtoto ameviona, amegeuza shingo na kukimbilia kwa mama yake kwa haraka hata kiatu kimoja kimechomoka na kuning'inia mguuni. Mikono yake miwili imo ndani ya mkono wa mama. Lakini mama hamtazami mtoto. Anamtazama aliye mbele ya picha. Mkono wake haujamfumba mtoto kwa nguvu, bali umekuwa wazi kama wa mtu anayemwonyesha. Juu ya paji la uso, kwenye ushungi, kuna nyota.

Mtu asiyefundishwa ataona mama aliyempakata mtoto, na hilo si kosa. Aliyefundishwa ataona kwamba msalaba umekwisha kufika utotoni, kwamba Mungu amekubali kuogopa kama mtoto aogopavyo, na kwamba mama huyo anamuuliza mtazamaji afanye nini na mtoto huyu. Uso wenye macho makubwa na mdomo mdogo nao una somo lake: macho hupokea nuru, na mdomo hunyamaza. Maana ya kiroho ya ikoni imo katika hali hii ya kutazamwa, ambapo anayesali hujikuta amesimama mbele ya mtu anayemwangalia. Kwa hiyo mistari ya majengo katika ikoni nyingi hupanuka kuelekea nyuma badala ya kukutana mbali, kana kwamba kituo cha picha kiko pale aliposimama mtazamaji.

5. Vinyago vya Bwami na elimu ya neno

Walega wa wilaya ya Pangi jimboni Maniema, pamoja na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini, walikuwa na chama kiitwacho Bwami. Kilikuwa na ngazi kadhaa, ya juu kabisa ikiitwa kindi, na wake walipanda daraja pamoja na waume zao. Shabaha yake ilikuwa kumlea mtu mzima hadi awe mwema na mwenye hekima. Vifaa vya malezi hayo vilikuwa vinyago vidogo vya mti, mfupa au pembe za ndovu viitwavyo iginga, pamoja na vinyago vya uso kama lukwakongo.

Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950, alionyesha jambo ambalo ni la msingi kwa mada yetu. Kinyago cha Bwami hakikuwa na maana kamili peke yake. Kilitolewa katika sherehe, kikachezwa au kupangwa pamoja na vingine, na methali yake ikaimbwa na kufafanuliwa. Kinyago chenye vichwa vingi kiitwacho Sakimatwematwe, kwa mfano, kilihusishwa na mzee mwenye busara aonaye pande zote na asiyependelea upande mmoja. Mgeni aliyekiokota kinyago hicho bila methali alikuwa ameokota kipande cha pembe.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Kibelgiji ilipiga marufuku Bwami. Vinyago vingi vilipelekwa kwa wafanyabiashara na hatimaye katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Huko vimesifiwa kwa uzuri wa umbo, lakini methali za vingi havikuandamana navyo. Hasara hiyo haiwezi kufidiwa kwa urahisi: kitu kimehifadhiwa, neno lake limepotea.

Hatusemi kwamba iginga na ikoni ni kitu kimoja. Iginga hakikumwakilisha Mungu aliyetwaa mwili, wala ikoni si chombo cha chama chenye ngazi za siri. Lakini vinafanana katika jambo moja: vyote viwili ni picha zinazosomwa kwa msaada wa neno, na vikitengwa na neno hilo vinabaki kuwa ama pambo ama kitu cha kuogopwa. Aliyelelewa katika mapokeo ya Bwami angeweza kuielewa ikoni ya Nikea upesi kuliko mtu anayeona katika picha uzuri peke yake.

6. Picha zinazosimulia katika Kongo ya sasa

Uhusiano huu wa picha na neno haukufa pamoja na marufuku ya mwaka 1948. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga alichora historia ya nchi yake, na akaieleza picha kwa picha, kwa Kiswahili, kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alichapisha mazungumzo hayo mwaka 1996. Katika mchoro unaohusu kifo cha Patrice Lumumba, Tshibumba aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Hakuhitaji kuandika neno Golgotha. Kila mtazamaji Mkristo aliweza kusoma kwamba kifo hiki kimewekwa kando ya kifo kingine. Picha hiyo si ikoni ya kanisa, lakini inaonyesha kwamba lugha ya alama za Kikristo imekuwa lugha ya wananchi wenyewe.

Mfano wa pili unatoka katika vita vya mwaka 1964. Mwezi Julai wapiganaji wa Simba waliingia Kindu, na vita hivyo vikaenea kuelekea kaskazini. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, mtawa kijana Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, aliuawa kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Mfukoni mwake mlikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Mwili wake ulipofukuliwa baadaye, sanamu hiyo ilisaidia kumtambua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na tangu hapo yeye mwenyewe huchorwa katika picha za makanisa.

Hapa neno sanamu limefikia upande mwingine kabisa wa maana yake. Kitu ambacho kwa asili ya neno kingepaswa kuwa mungu wa uongo kilitumika kurudisha jina la mtu aliyezikwa bila heshima. Hakuna aliyekisujudia kitu hicho badala ya Mungu. Kilikuwa ishara ya nani alikuwa wa nani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba neno sanamu limebeba maana mbili ambazo Kigiriki kilizitenga, na kwamba lawama nyingi zinazosikika kati ya majirani wa dini mbalimbali zinatokana na kutumia neno moja kwa vitu viwili. Hatupendekezi neno sanamu liachwe. Limekwisha kuzoeleka, na hata Wakristo wanalitumia bila nia mbaya. Tunapendekeza kwamba walimu na watafsiri wa Kiswahili wazitenganishe dhana zenyewe: sanamu kwa kitu kinachoabudiwa, ikoni au picha takatifu kwa sura iliyotajwa jina na kuelezwa, kuabudu kwa ajili ya Mungu, kuheshimu kwa ajili ya watakatifu na picha zao. Tofauti hizi hazitamfanya Mwislamu wa Kindu azikubali picha, wala hatumtaki afanye hivyo. Dini yake ina hoja zake zinazostahili heshima. Zitamwezesha tu kumkataa jirani yake kwa kile ambacho jirani huyo anakiamini kweli.

Kwa Wakristo wenyewe somo ni zito zaidi. Picha iliyochapishwa kwenye kalenda au kitenge bila mtu wa kuieleza iko katika hali ile ile ya iginga kilichofungiwa katika kabati la kioo. Wazee wa Bwami waliifahamu hatari hiyo, nao hawakutoa kinyago bila methali yake. Wenye ikoni leo, katika parokia na katika nyumba, wana wajibu wa namna hiyo hiyo kwa watoto wanaoinua macho ukutani na kuuliza kwa nini kiatu cha mtoto yule kinataka kuanguka.